Kesi umeshinda, pesa hujaziona: namna ya kukaza hukumu

Naulizwa hili kila mara: "Nimeshinda, mbona silipwi?" Naliandika hapa, wa kesho nitamwelekeza asome.

Mahkama haimfuati mdaiwa kwa niaba yako. Mwenye tuzo (amri ya mahkama inayosema nani alipwe nini) ndiye anayeomba ikazwe, yaani itekelezwe.

1. Chukua nakala ya hukumu na ya tuzo. Kiasi kilichoandikwa kilingane.

2. Mpelekee mdaiwa barua ya kudai. Wengine hulipa papo hapo.

3. Tafuta mali yake. Hapa ndipo wengi hukwama. Usiandike "ana gari". Andika namba yake, jina lililo kwenye kadi na linapolala. Dalali wa mahkama (anayekamata na kuuza mali kwa amri yake) akikamata gari la shemeji, shemeji huja na kadi yake na pingamizi, mnada ukasimama, na dalali umeshamlipa. Nyumba ya urithi ina mashaka zaidi: mdaiwa ana fungu lake tu, na ndugu zake watajaa mahkamani. Uliza kwanza kama mirathi imegawiwa. Na nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za fundi havikamatwi!

4. Peleka maombi kwenye mahkama iliyotoa tuzo, utaje njia: kuuza mali, kuzuia pesa benki, au kifungo cha madai (mdaiwa afungwe kwa kutolipa deni).

5. Mwachie dalali wa mahkama. Usiende na vijana wako.

Maswali

— Mdaiwa wangu ni fundi nguo. Nichukue cherehani?
Hatua ya 3. Soma tena.

— Kasema amekata rufaa, basi ningoje?
Rufaa peke yake haisimamishi kitu. Akuoneshe amri ya kusimamisha.

— Hukumu imetoka Mjini Unguja, naye kahamia Wete. Nianze upya Pemba?
La, bibie, na umeuliza vizuri. Omba mahkama iliyotoa tuzo iipeleke mahkama ya huko, ikakazwe huko.

— Sijui benki yake.
Tazama hundi au risiti za zamani alipokuwa akikulipa. Zisipokuwepo, omba aitwe mahkamani aulizwe kwa kiapo ana mali gani. Wengi hukumbuka akaunti zao wakisimama pale.

— Mie nilishasema kesi zote ni bure tu.
Sawa, sheikh. Swali ni lipi?

— Kanilipa nusu mkononi, tukaelewana mengine kidogo kidogo.
Ijulishe mahkama, iandikwe. Malipo ya nje yasiyoandikwa mahkamani hayahesabiwi, na mtakuja kugombana nusu ipi.