Tangi la samaki wa baharini ukiwa Mwanza: maji kwanza, samaki waje mwisho

Jambo la kwanza ndugu yangu, sahau Ziwa Victoria. Najua liko hapo hapo, ukiwa Capripoint unaliona mpaka dirishani, na utashawishika kuchota ndoo kadhaa utie chumvi ya jikoni uone kama bahari imepatikana. Haipatikani. Maji ya ziwa karibu na mji yamebeba mbolea na uchafu kibao, ndo maana magugu maji yanastawi vile, ukiyaweka kwenye tangi utafuga mwani tu. Na chumvi ya kula, hata iwe ya Uvinza safi kabisa, ni sodiamu kloraidi karibu yote, magnesiamu na kalsiamu hamna kitu, na kinachoshikilia pH (kipimo cha uchachu wa maji) hakimo. Samaki wa bahari hapo haponi. Unatakiwa uagize chumvi maalum ya akwariamu, ile yenye madini yote.

Sasa kwa sababu bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapa, mipango yetu haiwezi kuwa kama ya mtu wa Dar. Yeye kitu kikimwishia anapanda bodaboda anaenda kutafuta, wewe ukiishiwa chumvi Jumapili usiku na amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) imepanda utasubiri mzigo siku kadhaa huku samaki wanahema juu juu. Kwa hiyo kila kitu cha maji kinakuwa ndani ya nyumba kabla hujalipia samaki hata mmoja. Mtu akikwambia nunua samaki kwanza vingine vitajipa, mpotezee.

Tangi lenyewe usiende dogo. Watu wanadhani dogo ndo la kujifunzia kumbe dogo ndo gumu, maji kidogo yanachafuka haraka na joto linapanda na kushuka haraka. Mimi nasema sm 120 kwa 40 kwa 45, hiyo ni kama lita 216, fundi wa vioo na alumini yeyote mzuri anaunda, mwambie kioo cha mm 10 na gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina sumu. Acha wiki nzima ikauke vizuri, halafu lijaze maji ya bomba likiwa nje uani kwa siku moja au mbili uone kama linavuja. Likivuja sebuleni utajua hujui. Uzito nao si mchezo, maji, mawe, mchanga na kioo vinakaribia kilo 300, kwa hiyo stendi ipigwe na fundi wa kuchomelea, na sakafu uipime na pima maji, hasa nyie mnaokaa huko juu kwenye miamba ambako nyumba imefuata mlima.

Vifaa: pampu ya kusukuma maji (au mbili, maji yazunguke walau mara 10 ya ujazo wa tangi kwa saa), skima ya kutoa uchafu kama povu, taa ya LED ya kawaida kama hufugi matumbawe, na rifraktomita ya kupima chumvi. Hita chukua ndogo ya usiku wa baridi tu, samaki hawa wanataka nyuzi 24 mpaka 27 na Mwanza tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, hali yetu ya hewa inatubeba kuliko hata wa Dar ambao wanahangaika kupoza. Kinachotuumiza sisi ni umeme. Ukikatika kwa masaa manne bila maji kuzunguka oksijeni inapungua sana, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri au ivata ndogo ya kugeuza umeme wa betri si anasa, inunue siku moja na tangi. Waya zote zining'inie zishuke chini ya soketi kwanza ndo zipande, tone la maji ya chumvi likifuata waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Maji ya kuchanganyia: ya bomba yana klorini, na mengine yanakuja na vitu ambavyo huvioni. Bora maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando mwembamba mpaka madini yakatoka), nenda kwenye vile vituo vya kuuza maji ya kunywa ya kuchuja, beba mita yako ya TDS (inapima madini yaliyoyeyuka majini) upime mwenyewe, ikisoma karibu na sifuri chukua, ikisoma mia na kitu ujue wamerudishia madini. Maji ya mvua ya bati usiyatumie, mabati yanatoa zinki, na metali kama zinki na shaba zinaua konokono na kamba hata zikiwa kidogo sana.

Hesabu ya chumvi ni rahisi, gramu 35 kwa lita moja. Ukishaweka mawe na mchanga tangi letu linabaki na maji lita kama 180, hiyo ni kilo 6.3. Kila wiki unabadilisha lita 20, yaani gramu 700, kwa mwezi kilo 2.8. Maana yake ukiagiza kilo 20 umejaza tangi na una akiba ya karibu miezi mitano, agiza tena ikibaki ya miezi miwili. Changanya kwenye pipa safi ambalo halijawahi kubeba kemikali, chumvi unaimimina kwenye maji na si maji kwenye chumvi, weka pampu izungushe mpaka kesho yake, kisha pima kwa rifraktomita, unataka 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganisha na maji matupu). Halafu hapa wengi wanachanganya: maji yakipungua kwa kukauka unaongeza maji matupu yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haikauki na maji, inabaki humo humo. Ukiongeza ya chumvi kila siku mwisho wa mwezi una supu.

Mchanga wa ziwa na vijiwe vya granaiti vya hapa mjini viache vilipo. Granaiti haina vitundu vya kukaa bakteria, na mchanga wetu hausaidii pH. Agiza mchanga wa aragonaiti (ule wa chokaa ya baharini) na mawe makavu yenye vitundu vitundu, kama kilo 20 hivi. Na tafadhali usimtume mtu wa pwani akuvunjie matumbawe hai, matumbawe ya mawe yamo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) na miamba yetu imeshateseka vya kutosha na mabomu ya wavuvi haramu.

Haya, tangi limejaa, linang'aa, mikono inawasha. Subiri. Samaki anatoa amonia, amonia ni sumu, kuna bakteria wanaigeuza nitriti ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitrati ambayo ina nafuu na unaitoa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawapo siku ya kwanza, inabidi uwalishe mpaka waongezeke. Tupia kipande kidogo cha samaki mbichi ambaye hajatiwa chumvi, hata dagaa wawili wa mwaloni wanatosha, waache waoze humo (ndiyo, patanuka kidogo, waambie mapema wa nyumbani). Pima hizo tatu kila baada ya siku mbili tatu. Amonia itapanda ishuke, kisha nitriti itapanda ishuke, zote mbili zikigonga sifuri na nitrati ipo, tangi limeiva. Kawaida ni wiki 4 mpaka 6. Katikati hapo kioo kitapata utando wa kahawia, ni kawaida, utapita. Tangi likishaiva badilisha maji mengi kidogo kushusha nitrati, ndo uanze kuongea na muuzaji.

Kwa tangi hili samaki watano wadogo wanatosha. Mimi ningechukua klaunifishi wawili, wale wa chungwa wenye mistari myeupe, au wale wa kwetu wa pwani ya Afrika Mashariki wa rangi ya waridi wenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Hawahitaji anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua) kuishi, usikubali kuuziwa. Ongeza blenni mmoja wa kula mwani na gobi mmoja au wawili wa kukaa chini, pamoja na konokono na vile vikaa vidogo vinavyobeba gamba mgongoni wafanye usafi. Kangaja wa bluu mzuri sana ila anafika sm 30, hapo ni kumfunga jela. Kitatange wengi wanakula matumbawe na ukiwaletea chakula cha pakiti wanagoma mpaka wanakufa. Bunju atakula konokono wako wote. Damseli ni bei chee na wagumu kufa ila wakorofi, wakitangulia wageni hawakai, kwa hiyo wapole watangulie.

Kabla hujalipa mwambie muuzaji akutumie video samaki akiwa anakula. Asiyekula dukani hatakula kwako. Waje kwa ndege, si kwa basi, mfuko uwe na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, ndani ya boksi jeupe la povu kama yale ya minofu ya sangara.

Wakifika zima taa ya tangi, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 joto lilingane. Ule ushauri wa kudondoshea maji ya tangi kwenye mfuko tone tone saa nzima ni wa samaki waliotoka duka la jirani. Waliosafiri masaa mengi maji yao yamejaa amonia, ukifungua mfuko kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda na ile amonia inakuwa kali zaidi. Muulize muuzaji mapema anatumia chumvi kiasi gani, rekebisha chumvi ya tangi lako ifanane na yake, fungua, mtoe samaki kwa kikombe umwachie ndani ya tangi, maji ya mfuko mwaga chooni.

Funika tangi kwa neti maana gobi wengine wanaruka. Isiwe kipande cha chandarua chenye dawa, dawa ya mbu inaua samaki na kamba haraka sana, na za kupuliza chumbani marufuku kabisa. Siku hiyo usiwalishe. Kesho yake kidogo tu, wamalize ndani ya dakika mbili, na wawili wa mwisho kati ya wale watano wasubiri wiki tatu ndo uwalete, huku unaendelea kupima amonia.