Kabla hujamnunulia mama sinki la kuogea lenye mlango

Wengi wanaonipigia simu kuhusu haya masinki wameshayaona mtandaoni: bibi wa Kizungu ameketi, maji yamemfika kifuani, anatabasamu. Wanachotaka kwangu ni bei ya kufunga tu. Mimi huwauliza kwanza maji yao yanatoka wapi na yanashuka kwa kasi gani. Ni fundi bomba, naishi Tabata, Dar es Salaam, na siku hizi kazi zangu nyingi ni kurekebisha mabafu ya wazee. Kwa kuwa ni mwanamke, akina mama huniambia yale ambayo fundi wa kiume hawamwambii, yaani wanaogaje hasa.

Kwa asiyelijua sinki lenyewe: kuta zake ni ndefu, karibu mita moja, ndani lina kiti, na ubavuni lina mlango. Mzee haruki ukuta. Anafungua mlango, anavuka kizingiti kifupi, anakaa, anafunga, ndipo anafungulia maji. Akimaliza anayatoa yote, ndipo mlango ufunguke. Sasa lifikirie hilo vizuri. Maji yanapojaa, mama yako ameketi humo bila nguo, mkavu. Yanapotoka, ameketi humo kalowa chapachapa. Sinki linaweza kuwa zuri kiasi gani, kama kujaa ni nusu saa na kutoka ni nusu saa, ataoga mara moja tu na hatarudi tena.

Kwa hiyo anza na ndoo. Chukua ya lita 20, iweke chini ya bomba la bafuni, fungulia mpaka mwisho, angalia saa ya simu. Sinki la kawaida lina lita 150 hadi 300. Tuchukue la 200: mtu akiwa ndani, maji yanayohitajika ni kama 160. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, atasubiri dakika 16. Ikijaa kwa dakika 4, ni zaidi ya nusu saa. Nyumba nyingi za Dar zinategemea simtanki juu ya mnara, na kila mita 10 za kimo ndiyo baa moja ya presha. Mnara wa mita 3 unakupa kama theluthi ya baa, basi. Hapo utahitaji pampu ya presha na bomba nene kuanzia kwenye tangi hadi kwenye sinki, na hizo hesabu ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kuhusu ukubwa wa tangi, wenyeji hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wakatoa ratiba ya mgawo, lita 160 za kuoga mtu mmoja zingekuwa kioja.

Maji ya moto kwetu ni nafuu kidogo, maana maji ya tangini tayari yana uvuguvugu. Tuseme yana nyuzi 28, hita yako ni ya lita 50 na imefika nyuzi 60. Ukichanganya upate nyuzi 39, karatasini unapata lita 145 hivi. Kwa vitendo punguza, kwa sababu maji baridi yanaingia kwenye hita huku ya moto yakitoka. Hita ya lita 80 itatosha bila wasiwasi; ya 30 itamwacha mtu kwenye maji ya kiunoni. Kwa umeme, kuchemsha hizo lita 50 ni kama yuniti 2 za LUKU kila kuoga.

Nyuzi 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Mzee mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi hatajua mpaka malengelenge yatokee. Usikubali mikseri ya kawaida. Dai ile yenye kidhibiti joto, inayofunga maji ya moto yenyewe maji baridi yakikatika. Na mwenye presha au moyo azungumze na daktari wake kwanza, kwani kukaa kwenye maji ya moto kunashusha presha, na kizunguzungu kinakuja pale pale anaposimama.

Twende dukani. Mteja wangu mmoja wa Mbezi alikuja Kariakoo na mama yake, baridi yabisi imemshika vidole na magoti. Nikamwomba muuzaji tulijaribu sinki kavukavu, mama akiwa na nguo zake. Kizingiti akakivuka akishika bega la mwanawe, akakaa, kanga yake akaikusanya mapajani. Nikamwambia, "Mama, sasa jifungie mlango." Mpini ulikuwa chini, karibu na kizingiti. Akainama, vidole vikaufikia lakini kuuvuta juu vikashindwa. Kijana wa duka akasema atauzoea. Mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, mimi hivi vidole ninavyo tangu hujazaliwa, wala sijavizoea." Tukatoka. Sijui jaribio bora kuliko hilo: aingie mwenyewe atakayeoga, akae, afunge, afungue, afikie bomba na kizibo, asimame. Usinunue kwa niaba yake ukiwa peke yako.

Ukiwa hapo pima na futi kamba. Kizingiti kizuri ni sentimita 10 au chini. Yapo yenye 18, na hayo kwa mtu anayeburuta mguu bado ni ukuta. Kiti mara nyingi kina sentimita 43 kutoka sakafuni, lakini bibi mfupi atabaki ananing'iniza miguu, na miguu isiyokanyaga haimsaidii mtu kusimama. Mpime kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni ndipo ulinganishe. Pima pia mlango wa bafu lako. Nimeona sinki limeshushwa kwenye kirikuu kwa shangwe, likaishia sebuleni kwa sababu mlango wa bafuni ni sentimita 70 na sinki lina 75.

Mlango wa sinki ufunguke ndani au nje? Unaofunguka ndani husukumwa na maji kwenye raba yake, hivyo hauvuji kirahisi, na haudai nafasi nje. Shida yake ni kwamba mzee akiishiwa nguvu humo, miguu yake yenyewe inauzuia. Unaofunguka nje unamrahisishia msaidizi na anayetoka kwenye kiti cha magurudumu, ila unataka komeo imara na bafu pana. Kama kuna mtu anamsaidia kuoga, mimi nachagua wa nje bila kusita.

Kutoa maji kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: baadhi ya masinki yanayojisifu kwa kukauka haraka yanatumia pampu ya umeme. Umeme ukikatika mama yumo ndani, maji yanaweza kukwama au kutoka polepole, na mlango haufunguki mpaka yaishe. Chagua linalotoa maji kwa mteremko wenyewe, na bomba la taka liwe la inchi 2.

Yaliyotumika, yanayokuja na kontena, yatazame kwa jicho kali. Ya Marekani yametengenezwa kwa umeme wa volti 120, na sisi tuna 230. Mota yake ya viputo, ile inayosukuma hewa au maji kwa nguvu ili kumkanda anayeoga, utaiunguza siku ya kwanza. Tena viputo vyenyewe mimi sivipendi kabisa. Vile vinavyozungusha maji huacha maji yamelala kwenye vibomba vya ndani, na kwa visima vyetu vya pwani vyenye chumvi vibomba hivyo huziba. Ukivitaka kwa lazima, umeme wake uwe na breka ya miliampia 30, ile inayojikata umeme ukianza kuvuja, na waya wa ethi unaofanya kazi, siyo ule uliofungwa ili mkaguzi auone. Chumvi hiyo hiyo inakula bawaba na fremu, kwa hiyo uliza kama chuma kisichoshika kutu ni cha daraja la 304 au 316. La pili ndilo linalostahimili chumvi.

Kama mnaishi ghorofani, jumlisha uzito: maji 160, sinki 90, mtu 80, tayari ni kilo 330 kwenye eneo la mita moja ya mraba. Mhandisi aione sakafu kabla yangu.

Na sasa niseme linalonipunguzia kipato. Kwa nyumba nyingi ninazoingia, sinki hili silo jibu. Linamfaa anayepata nafuu kwa kukaa kwenye maji ya moto, mwenye maji ya uhakika na bafu la kutosha. Wengine wote nawajengea shawa isiyo na kizingiti: sakafu yenye mteremko wa sentimita 2 kila mita, marumaru ya kukwaruza, kiti imara, shawa ya mkononi yenye mpira mrefu, na vishikio viwili vilivyofungwa kwenye tofali lenyewe, kamwe visishikwe na marumaru peke yake. Kwa Waislamu naongeza bomba fupi karibu na kiti. Bibi mmoja alinionyesha anavyopandisha mguu kwenye sinki la kunawia ili atie udhu, alfajiri, taa imezimwa asiamshe watu. Kwa mama huyo hatari kubwa haikuwa kuoga hata kidogo.

Ukishaamua sinki, usimlipe fundi yote siku ya kufunga, hata nikiwa mimi. Tandika gazeti kavu chini ya mlango, jaza maji mpaka tundu la kufurikia, acha saa nzima, kisha uliguse gazeti. Yatoe maji ukiangalia saa tena. Na kabla hujaondoka dukani nunua raba ya mlango ya akiba kabisa, ya modeli ile ile, maana ndiyo huchakaa kwanza na Kariakoo haipatikani kwa kipande. Ihifadhi kivulini, mbali na jua na mafuta.