Jinsi ya Kukichunguza Kiungo cha Taya Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Kurekebisha Taya

Mkazi wa Lamu au Malindi aliyefanyiwa upasuaji wa kurekebisha taya kwa kawaida hurudi nyumbani na maelekezo mengi kuhusu kidonda, uvimbe na chakula, na machache kuhusu viungo viwili vilivyo mbele ya masikio yake. Kidonda hupona katika wiki chache, ilhali tatizo zito la kiungo mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 2 baadaye, wakati mgonjwa ameshauzoea uso wake mpya na safari za kwenda Mombasa au Nairobi kumwona daktari zimepungua. Ndiyo maana mwongozo huu unamtaka mgonjwa mwenyewe awe mpimaji wa kwanza, akiwa na rula, kioo, simu na daftari.

Mlango wa nakshi wa mji wa kale wa Lamu huzunguka juu ya ncha zake palepale zilipochomekwa. Kiungo cha taya hakifanyi hivyo. Kichwa cha mfupa wa taya ya chini huzunguka mdomo unapoanza kufunguka, kisha huteleza mbele, na kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosogea pamoja nacho. Katika upasuaji wa taya ya chini, mfupa hupasuliwa pande zote mbili karibu na magego ya mwisho, sehemu yenye meno husogezwa mbele au nyuma, na vipande hufungwa kwa vibamba na skrubu za titani. Kile kichwa hubaki kwenye kipande cha nyuma. Kikifungwa kikiwa kimepinda au kimeshuka kidogo, meno yanaweza kuonekana yamekaa sawa mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa, misuli imelegea, kisha yakahama anapoamka na misuli kuanza kazi. Hata kichwa kikikaa vizuri, taya iliyosogezwa mbele sana huvutwa nyuma na misuli na ngozi, na mzigo huo huishia kwenye kiungo. Kwa wachache, mfupa wa kichwa hicho huanza kulika.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni wanawake vijana wenye kidevu kilichorudi nyuma ambao taya yao imesogezwa mbele kwa kiasi kikubwa, watu waliokuwa na maumivu au kukwama kwa kiungo kabla ya upasuaji, na wenye baridi yabisi. Mambo haya aelezwe daktari mapema, hata asipouliza. Asiwepo pia anayekubali kupasuliwa kwa matumaini kwamba mlio wa kiungo utakwisha, kwa sababu baada ya upasuaji wengine hupata nafuu, wengine hubaki walivyokuwa, na wengine huzidiwa.

Kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya upasuaji, la sivyo hakutakuwa na cha kulinganisha. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo mpaka unapoweza bila maumivu, kisha pima kwa rula kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya lile la chini. Watu wazima wengi hufikia milimita 40 au zaidi. Wapo wanaotumia vidole vitatu vilivyopangwa kusimama kati ya meno, lakini vidole vya mvuvi na vya msichana wa shule si kipimo kimoja, na rula haina gharama kubwa. Tazama kama kidevu kinashuka moja kwa moja au kinakwenda upande. Kisha uma meno ya nyuma, upige picha ya meno kwa simu kutoka mbele, kulia na kushoto, mahali pamoja na kwa mwanga uleule. Andika tarehe. Baada ya upasuaji, daktari akisharuhusu kufungua mdomo, rudia kila wiki kwa miezi 3, halafu kila mwezi mpaka miaka 2 itimie.

Mdomo uliofungwa kwa muda mrefu hukakamaa, kwa hiyo mazoezi ni ya lazima, ila yaanze siku atakayoitaja daktari. Mfupa huhitaji takriban wiki 6 kabla ya kustahimili kutafuna vyakula laini. Weka kitambaa cha uvuguvugu shavuni, fungua na kufunga polepole, kisha peleka taya kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku. Maumivu yakidumu baada ya zoezi, punguza. Hapa pwani tuna mazoea ya kumwita mkandaji kila kiungo kinapouma, na kwa mguu uliotetereka huenda akasaidia, lakini taya iliyofungwa kwa skrubu isivutwe na mkono wa mtu mwingine.

Katika wiki za mwanzo chakula kiwe cha maji: uji, maziwa, supu ya samaki iliyochujwa. Baadaye yafuate mashendea, ubwabwa na bokoboko. Kwa miezi mingi muhogo mkavu wa kukaanga, miwa, embe mbichi, pweza na korosho viachwe. Upasuaji ukiweza kupangwa mbali na Ramadhani ni vyema, kwa kuwa mgonjwa huyu hula kidogo kidogo mchana kutwa. Ukiangukia humo, mgonjwa anayo ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye.

Kuhusu mogoka na miraa nasema bila kuzunguka: kuna watu hutafuna kuanzia alasiri mpaka usiku wa manane, pamoja na ubani, na sijui chakula chochote kinachokichosha kiungo kwa saa nyingi kiasi hicho. Aliyerekebishwa taya aache kabisa.

Mlio mdogo usio na maumivu ni jambo la kawaida na hauhitaji hofu. Ganzi ya mdomo wa chini hutokana na mshipa wa fahamu, si kiungo. Dalili za kumfanya mgonjwa awasiliane na daktari ni kipimo cha rula kinachopungua badala ya kuongezeka, taya inayokwama, kidevu kilichoanza kwenda upande, na maumivu mbele ya sikio yasiyotulia. Maumivu hayo hudhaniwa kuwa ya sikio lenyewe, watu wakatia mafuta ya moto ambayo hayawezi kukifikia kiungo. Dalili nzito kuliko zote huweza kuja bila maumivu yoyote: meno ya mbele yaliyokuwa yakikutana yanaanza kuachana, magego yanagusana kwanza, na kidevu kinarudi nyuma kidogo kidogo. Huo ndio mwenendo wa mfupa unaolika, na picha za simu zilizopangwa kwa tarehe huuonyesha kabla jicho la nyumbani halijautambua.

Tiba hutegemea hali. Mara nyingi huanza kwa chakula laini, dawa za kutuliza maumivu na kisahani cha plastiki cha kuvaa kwenye meno. Mfupa ukiwa unalika, madaktari kwa kawaida hungoja utulie kabla ya kupasua tena, na ulioharibika sana huweza kubadilishwa kwa kiungo bandia.

Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen mpaka Malindi na kuendelea, kwa hiyo mtumie daktari vipimo na picha kwanza ili aamue kama safari inahitajika. Ukiitwa, beba eksirei zote za kabla na baada ya upasuaji, maana kulika kwa mfupa hutambulikana kwa kulinganisha picha ya zamani na mpya. Zifunge ndani ya kitu kisichopitisha maji kabla ya kuingia chomboni.