Somo: Kabla ya kupunga katana ya bei nafuu, fungua mpini

Mwenzangu alipunga katana, upanga wa Kijapani, mara tatu tu. Ubapa ukachomoka, ukapiga ukuta nyuma yetu, naye akabaki na mpini mtupu mkononi. Hakuumia mtu, ila tangu siku ile sikubali upanga mazoezini kabla sijauona ndani.

1. Uliza chuma. Ukijibiwa "stenlesi", huo ni wa kutundika ukutani. Stenlesi inafaa kisu cha jikoni kwa sababu ni kifupi. Kwenye ubapa wa sentimita 70 hivi, ile ya bei rahisi hukatika ghafla badala ya kupinda. Panga za mazoezi hutajwa kwa namba kama 1045 au 1060. Tarakimu mbili za mwisho ni kaboni: 1060 ina asilimia 0.60 hivi.

2. Fungua mpini. Hapa usiwe na haraka. Tafuta mekugi, kijiti cha mwanzi kinachopenya mpini na mkia wa upanga. Kigonge taratibu kutokea upande wake mwembamba, kisha vuta mpini. Mkia unatakiwa uwe chuma kilekile cha ubapa, mpana, unaoingia ndani sana. Ukikuta bolti nyembamba kama penseli imechomelewa, na nati mwishoni, usiupunge kamwe. Upanga wa mwenzangu ulikuwa hivyo. Pale ulipokatika, nusu ilikuwa inang'aa na nusu ina kutu ya zamani: ufa ulikuwamo kabla hatujaugusa.

Kama hakuna kijiti, mpini umegandishwa kwa gundi tu, usihangaike zaidi: huo nao usiupunge.

3. Funga, kisha utikise karibu na sikio. Ukigongagonga ndani, hata kidogo, weka chini.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Wangu ni stenlesi lakini hauna makali kabisa. Bado ni hatari?*
Marahaba. Ubutu hauzuii kukatika, na kipande kinachoruka kina ncha.

*Na iaito? Si ni bati tu?*
Hapana, ndugu yangu. Iaito ni upanga wa mazoezi usio na makali; nyingi ni aloi ya zinki na alumini, zimetengenezwa kwa ajili ya iaido: kuchomoa, kupunga na kurudisha alani. Japani, ambako panga za chuma zinabanwa na sheria ya 1958, wanafunzi wengi huanza nazo. Usikatie kitu, wala usigonganishe na nyingine.

*Sisi tunataka kupambana wawili wawili.*
Basi chuma kaeni nacho mbali. Tumieni shinai, upanga wa mianzi, pamoja na kinga za kichwa na mikono, au bokken, upanga wa mbao, kwa mapigo mliyokubaliana.

*Bokken nayo ni ghali, mwalimu. Seremala wa mtaani anaweza?*
Anaweza. Mpe urefu wa sentimita 102 hivi, na uchague mwenyewe mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, usio na fundo. Kila siku kabla ya kuanza pitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukihisi kibanzi kimeinuka, piga msasa. Ukiona ufa, hiyo bokken imeshamaliza kazi.