SOMO: Simu inakata katikati ya maongezi? Pima kwanza, ndipo utafute tiba

Wakuu, swali la "mtandao unasumbua kwangu, nifanyeje?" linarudi humu jukwaani kila mara. Muulizaji anapewa majibu matano tofauti na watu watano, kwa sababu hakuna aliyepima kitu. Naweka jibu lote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mistari ya mtandao juu ya kioo haitoshi. Kila mtengenezaji wa simu anaamua mwenyewe mistari minne iwakilishe nguvu kiasi gani, na mistari hiyo haikuonyeshi kama mnara umejaa au kama minara miwili inaingiliana. Simu hukata kwa moja ya sababu hizi: wimbi ni dhaifu, wimbi lina nguvu lakini ni chafu (limechanganyika na la mnara mwingine), mnara umeelemewa, au simu au laini yenyewe ina hitilafu. Tiba ya moja haisaidii nyingine, ndiyo maana kupima kunatangulia.

Hatua ya 1: Soma namba

Android: Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, kisha tafuta nguvu ya mawimbi. Isipoonekana, piga *#*#4636#*#* uingie kwenye maelezo ya simu. Samsung nyingi hutumia *#0011#. iPhone: *3001#12345#* halafu bonyeza kupiga.

Utaona namba yenye alama ya kutoa, mfano -97 dBm (kipimo cha nguvu ya wimbi, kwa desibeli). Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo wimbi lilivyo imara. Ikishuka kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo -107 na -97 si "karibu sawa".

Kwa 2G: -85 kwenda juu ni salama, -95 anza kuwa makini, -105 simu itakata wakati wowote. Kwa 4G: -95 kwenda juu ni nzuri, -105 bado unaongea, -115 kwenda chini usitegemee. Usilinganishe namba ya 2G na ya 4G. Ya 4G hupimwa kwenye kipande kidogo tu cha wimbi zima, hivyo husomeka chini hata pale huduma ilipo nzuri.

Andika namba tatu: sebuleni, dirishani, na nje uwanjani. Nje ikiwa -80 na ndani -105, tatizo ni nyumba. Nje ikiwa -108, tatizo ni umbali au mlima. Nje ikiwa -75 na simu bado inakata, acha kuhangaika na antena: ni msongamano, mwingiliano au kifaa chako.

Hatua ya 2: Washa hali ya ndegeni sekunde kumi, zima. Simu itatafuta mnara upya.

Hatua ya 3: Sogea

Wimbi la 900 MHz lina urefu wa sentimita 33 hivi, la 1800 sentimita 17 hivi. Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi, mengine yanafutana. Shimo (yanapofutana) na kilele (yanapoongezeana) vinaweza kuachana kwa kiganja kimoja tu, kwa hiyo kabla ya kukimbilia nje jaribu kusogea nusu hatua. Bati la paa huzuia karibu kila kitu; kinachoingia kinapitia madirishani. Wavu wa mbu wa waya wa chuma huzuia pia, wa nailoni hauzuii. Kioo chenye tinti ya metali na zege lenye nondo nyingi vina athari ileile, ndiyo maana ghorofa za chini za Kariakoo zinasumbua wakati minara imejaa pande zote.

Hatua ya 4: Vua kava lenye chuma au sumaku. Usifunike sehemu ya chini ya simu kwa kiganja, simu nyingi antena kuu iko huko.

Hatua ya 5: Toa laini, futa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, rudisha. Laini ya zamani iliyokatwa kwa mkasi ibadilishe dukani. Nenda na namba ya NIDA na vidole vyako.

Hatua ya 6: Aina ya mtandao. Someni hapa polepole.

Simu isiyo na VoLTE (uwezo wa kupiga simu za sauti kupitia 4G) haipigi kwenye 4G. Ukipiga au ukipigiwa, inashuka kwanza hadi 3G au 2G. Mahali ambapo 4G ni nzuri lakini 3G ni hafifu, kila simu inaanza kwa kuhamia kwenye mtandao mbovu, na wewe ulikuwa unaangalia mistari ya 4G ukaamini uko salama. Kwa hiyo kwanza tafuta kwenye Mipangilio, Mitandao ya simu, kama kuna swichi ya VoLTE au simu za 4G, uiwashe. Isipoonekana, piga 100, huduma kwa wateja, uulize kama mtandao wako unaiunga mkono kwa modeli yako. Simu zilizoletwa kutoka nje mara nyingi zina VoLTE lakini hazina mpangilio wa mtandao wa hapa.

Pembezoni mwa mnara, simu inayoruka-ruka kati ya 4G, 3G na 2G hukata wakati wa kuhama. Hapo chagua 2G peke yake wakati wa maongezi. Mazungumzo yatatulia.

Tahadhari:

Usichague "LTE pekee" (yaani 4G peke yake) kupitia *#*#4636#*#* ili upate intaneti ya kasi ukasahau. Bila VoLTE hutapigiwa. Watu wataambiwa hupatikani, nawe unaona mistari imejaa. Menyu kama *150*00# nazo zinaweza kukataa kufunguka, na watu huishia kulaumu huduma ya pesa. Baadhi ya simu hurudi kawaida zikizimwa na kuwashwa, nyingine hubaki hivyohivyo. Andika mpangilio wa awali kabla ya kugusa. Kwenye menyu hiyo usibonyeze kitu kingine chochote.

Usibaki kwenye 2G ukirudi mjini. Intaneti itakuwa karibu haipo, na ulinzi wa 2G ni dhaifu kuliko wa 4G.

Hatua ya 7: Simu juu, wewe chini

Mabondeni, kama Lushoto na vijiji vya Uluguru, mita tatu za kupanda zinaweza kukupa desibeli nyingi. Tundika simu mahali penye namba nzuri, uongee kwa kifaa cha masikioni cha Bluetooth. Hufika kama mita 10 pasipo ukuta. Au washa hotspoti kwenye simu iliyo juu, upige WhatsApp kwa simu iliyo mkononi. Kwa wengi tatizo linaishia hapo.

Hatua ya 8: Antena ya nje

Simu za mkononi za siku hizi hazina tundu la antena. Ruta ya 4G au simu ya mezani inayotumia laini mara nyingi inalo, la skrubu ya SMA. Nunua antena ya yagi (ile yenye fimbo kadhaa zilizopangwa sambamba) ya masafa ya mtandao wako: yagi ya 900 haifanyi kazi vizuri kwenye 1800.

Pesa nyingi hupotelea kwenye waya. Waya mwembamba wa RG58 hupoteza karibu desibeli 0.5 kwa kila mita kwenye 900 MHz, na 0.7 au zaidi kwenye 1800. Mita 10 kwenye 1800 zimekula 7 au 8, na yagi yako ilileta 10. Umebaki na 2 au 3. Tumia mita chache, au waya mnene wa LMR-400 unaopoteza karibu 0.2 kwa mita kwenye 1800. Maungio ya nje yazibe kwa utepe wa mpira unaojishika. Maji yakiingia kwenye waya, umekwisha.

Stika za "kuongeza network" za kubandika chini ya betri hazifanyi kitu. Programu za kuongeza mawimbi zinafanya kile ulichofanya hatua ya 2.

MASWALI YA WANACHAMA (anayejibu ni mimi, Fundi Mnara)

Kisiki_cha_Mpingo: Mkuu nimepitia juujuu. Simu yangu inakata sana, tatizo nini?

Fundi Mnara: Hatua ya 1. Rudi na namba tatu, aina ya mtandao, na ulipo.

DuluDulu: Mbona unazunguka? Kuna booster zinauzwa mtandaoni bei poa, mtu ananunua anafunga anamaliza.

Fundi Mnara: Sizunguki. Booster inachukua wimbi na kulirusha kwa nguvu kubwa kwenye masafa ambayo mtandao umelipia leseni. Antena ya ndani na ya nje zikikaribiana, booster inajisikia yenyewe na kuanza kupiga yowe, kama spika ya mkutano ikielekezewa maikrofoni. Yowe hilo linaingia kwenye mnara, na jirani zako wote wanakatikiwa. Vifaa vya mawasiliano vinahitaji kuidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kama jengo lako linahitaji booster kweli, omba kupitia mtandao wako, waje wapime wao.

DuluDulu: Kwa hiyo wanaouza wote wanakosea?

Fundi Mnara: Anayeuza kifaa kisichoidhinishwa anakosea, ndiyo. Na anayekifunga naye anaweza kufuatwa.

Mvuvi wa Ukerewe: Naomba kuelewa jambo. Ziwani mbali kabisa simu inaonyesha mistari mitatu, lakini nikipiga haitoki, au inatoka inakata papo hapo. Mawimbi si yapo?

Fundi Mnara: Swali zuri sana. Mistari inaonyesha jinsi wewe unavyousikia mnara, haionyeshi jinsi mnara unavyokusikia. Mnara unarusha kwa kawaida wati 20 na zaidi, tena juu ya nguzo. Simu yako kwenye 2G ya 900 ina wati 2 tu, kwenye 1800 ina 1, na kwenye 4G ina 0.2. Juu ya maji hakuna kizuizi, hivyo wimbi la mnara linafika mbali kuliko jibu lako.

Halafu 2G ina ukomo wa umbali. Mnara hupanga muda wa kila simu kwa kuhesabu hatua za mita 550 hivi, na hesabu inaishia hatua ya 63, yaani kama kilomita 35. Ukipita hapo, kwa mpangilio wa kawaida, mnara hauwezi kukuweka kwenye zamu hata kama unakusikia. Chagua mwenyewe mtandao wenye mnara karibu zaidi na njia yako ya kuvulia. Ukiwa na laini mbili za mitandao tofauti, pima zote mbili ukiwa huko huko majini, uandike mahali kila moja inapoishia.

Mvuvi wa Ukerewe: Nimeelewa. Na ule ukimya wa sekunde kadhaa kabla haijakata?

Fundi Mnara: Kwenye 2G simu inapokea taarifa ya udhibiti takriban kila nusu sekunde. Ikikosa inapunguza hesabu moja, ikipata inaongeza mbili. Hesabu ikifika sifuri, inakata. Ukimya unaousikia ni hesabu ikishuka. Ukiusikia, simama hapo hapo au rudi ulikotoka hatua mbili, mara nyingi simu inaokoka.

Binti Sagara: Kwetu mistari imejaa, namba -78, lakini kuanzia saa moja usiku hadi saa nne simu hazitoki. Asubuhi safi kabisa.

Fundi Mnara: Umepima vizuri. Huo ni msongamano, nafasi za mnara zimeisha. Kwenye 3G kuna jambo la ziada: mnara ukielemewa, eneo lake linasinyaa, wa pembeni wanadondoka kwanza. Jaribu 2G pekee au VoLTE saa hizo, kwa kuwa ni foleni tofauti. Ripoti 100 ukitaja saa na mahali, uhifadhi namba ya malalamiko. Wasiposhughulikia, TCRA wanapokea malalamiko baada ya wewe kuanza na mtandao wako.

Kisiki_cha_Mpingo: Nimepima. Ndani -109, dirishani -96, nje -82. 4G. Nyumba ya bati, madirisha yana wavu.

Fundi Mnara: Sasa tunaongea. Tatizo ni nyumba. Wavu ni wa waya au wa nailoni? Kama ni wa waya, badilisha dirisha moja linaloelekea mnara uweke wa nailoni, kisha pima tena hapo hapo.

Mwalimu Tandala: Masika mtandao unazidi kuwa mbovu. Mvua inazuia mawimbi ya simu?

Fundi Mnara: Kwenye masafa ya simu, mvua yenyewe karibu haina athari. Ila majani mabichi yaliyolowa yanameza mawimbi, hasa kama kati yako na mnara kuna msitu. Pia minara mingi huunganishwa kwa zile sahani za duara zinazotazamana, ambazo hutumia masafa ya juu sana, na hayo ndiyo mvua kubwa inayakata. Hapo utaona mistari imejaa lakini hakuna kinachopita. Na umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara huisha, simu yako ikahamia mnara wa mbali.

Mwalimu Tandala: Kijiji jirani hakina mnara kabisa. Waanzie wapi?

Fundi Mnara: Serikali ya kijiji iandike kupitia halmashauri kwenda UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ndio wanaotoa ruzuku ya minara sehemu ambazo kampuni hazioni faida. Wataje idadi ya kaya, shule, zahanati na mahali mawimbi ya karibu yanapoishia, kwa namba.

Fremu_ya_Simu: Nyongeza kidogo. Wengine wataona neno asu badala ya dBm. Kwa 2G zidisha asu kwa 2, toa 113. Kwa 4G toa 140 kwenye asu. Asu 10 ya 2G ni -93.

Fundi Mnara: Sahihi, asante. Nami niongeze kwa wenye yagi: minara mingi ya sasa ina antena zilizolala nyuzi 45. Ukishaielekeza kwa mnara, zungusha fimbo zake kutoka wima hadi 45, upande mmoja kisha mwingine, ukisoma namba. Subiri kama nusu dakika kila unapogeuza, kwa sababu namba ya kwenye kioo huchelewa.