Rakhsh na simba: kuchora picha ndogo ya Kiajemi

Kalamu ya mchoraji wa Kiajemi hufuata shairi, kwa hiyo usishike brashi kabla ya kusoma. Katika Shahnameh, utenzi ambao mshairi wa Kiajemi Ferdowsi aliumaliza mwaka 1010, shujaa Rostam analala kwenye matete bila kujua kuwa ndiyo maskani ya simba. Simba anarudi usiku, na Rakhsh, farasi wa Rostam, anamuua simba huyo peke yake. Soma kisa hicho mara tatu nne. Utaona mwenyewe kwamba wa kupewa nafasi kubwa ni farasi.

Hatua ya 1: Karatasi. Pika uji mwepesi wa wanga, paka, anika. Ikikauka, ilaze juu ya ubao laini uisugue kwa jiwe la akiki. Wanafunzi wangu wengi huchokea hapa. Mwanzoni jiwe linakwaruza. Ukivumilia, sauti inafifia hadi jiwe linateleza kimya. Karatasi isiyosuguliwa hunywa rangi, na mstari mwembamba hutawanyika.

Hatua ya 2: Mchoro. Chora kwanza kwenye karatasi nyingine, toboa mistari kwa sindano, ilaze juu ya karatasi uliyoisugua, kisha gongagonga juu yake kitambaa chenye unga wa mkaa. Kilicho mbali kiweke juu, usikidogoshe. Vivuli havimo. Kabla ya kuendelea, itazame picha ya kisa hiki iliyochorwa Tabriz, mji wa Iran, mwanzoni mwa karne ya 16, iliyoko British Museum, London. Haikukamilishwa, na majani yake yamesongamana hadi unahisi pumzi ya msitu.

Hatua ya 3: Dhahabu. Hutangulia rangi, kwa kuwa nayo husuguliwa. Saga karatasi za dhahabu kwa kidole, pamoja na asali, kwenye kisahani. Suuza kwa maji, iache ituame, mwaga maji, kisha changanya na gundi ya mgunga.

Hatua ya 4: Rangi. Wazee walitumia rangi zenye risasi, zebaki na aseniki. Tafadhali usiwaige, nunua zisizo na sumu. Paka tabaka jembamba, acha likauke, ongeza jingine. Ukipitisha kidole na rangi ikatoka, gundi ni kidogo, ikipasuka, imezidi.

Hatua ya 5: Mwili wa Rakhsh. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ferdowsi anasema rangi yake ni kama petali za waridi zilizomwagwa juu ya zafarani. Basi paka manjano ya zafarani mwili mzima, kisha kwa brashi yenye ncha ya unywele mmoja dondoa nukta nyekundu, zikaribiane tumboni na kuachana mgongoni. Waajemi huita udondoaji huu pardaz. Saa mbili kwa paja moja ni kawaida.

Hatua ya 6: Mistari ya mwisho. Zungushia maumbo kwa rangi nyeusi, brashi ikiwa wima. Vuta pumzi, izuie, piga mstari, ndipo uitoe. Macho ya Rostam yaache yamefumba. Jicho la Rakhsh lichore mwisho kabisa, limwelekee simba.