Nadharia za makuzi na haiba: namna ya kuzitumia ukiwa na mteja mbele yako

Wewe mwanafunzi wa ushauri nasaha, chukua karatasi ya daftari, igawe safu tatu. Safu ya kwanza andika maneno ya mteja kama alivyoyatamka, usiyapambe. Ya pili, nadharia iliyokujia kichwani. Ya tatu, ambayo ndiyo nitakayoisoma kwanza nikikusimamia, andika swali utakalomuuliza mkikutana tena. Nadharia isiyokupa swali ifute. Nikikuta safu ya pili imeandikwa "ana mkanganyiko wa utambulisho" halafu ya tatu ni tupu, najua umempachika mtu jina ukaenda zako nyumbani.

Mimi fani hii niliingilia kwenye chumba cha ushauri nasaha na upimaji wa VVU. Foleni nje ndefu, mtu mbele yako anatetemeka akisubiri majibu. Pale humhadithii mtu habari za Sigmund Freud, yule daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi. Ndiyo maana hadi leo napima nadharia kwa swali linalozaliwa nayo.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, kapata daraja la nne, anakaa Mbagala kwa mjomba wake na kumsaidia dukani. Shangazi ndiye kamleta, kwa kuwa amekuwa mkimya na halali usiku. Anakuambia: "Mjomba anataka nishike duka, mama anataka nirisiti, mimi hata sijui."

Wanafunzi karibu wote humkimbilia Erik Erikson, mwananadharia wa makuzi, na hapa wana haki. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alieleza hatua nane za maisha, kuanzia mtoto mchanga anayejifunza kuamini hadi mzee anayeyatazama maisha yake yote. Ya tano ni ya ujana: mimi ni nani, na nafasi yangu ni ipi? Erikson swali hilo lilimhusu mwenyewe. Baba yake mzazi hakumjua, alikulia na jina la baba wa kambo, Homburger, na jina Erikson alijichagulia alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939.

Lakini angalia namna ya kulitumia. Erikson aliweka uzito kwenye kijana kujipata yeye mwenyewe. Kijana wetu wa Mbagala hachagui peke yake. Kuna mjomba anayemlisha na mama anayemtegemea. Ukimuuliza "wewe binafsi unataka nini?" atakutazama tu, au atakujibu unachotaka kusikia. Jaribu hivi: "Mjomba akikusifia mbele ya wateja, anasifia nini? Na wewe unaona kasema kweli?" Sasa yupo ndani ya ukoo wake na bado anajisemea. Rudi pia hatua moja nyuma, ile ya umri wa shule ya msingi, ambako mtoto hujiona anaweza au hajiwezi. Daraja la nne lilimkuta akiwa tayari anajiona mjinga, au ndilo lililomwambia hivyo? Majibu hayo mawili yanakupeleka njia tofauti kabisa.

Kisha kuna suala la malezi ya awali, na hapa ndipo naona makosa mengi. Mteja akisema alilelewa na bibi, mwanafunzi anaandika haraka: "hakupata upendo wa mama." Nani kakwambia? John Bowlby, daktari wa akili, alieleza jinsi mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake, yaani anavyoshikamana naye kihisia, na aliyekwenda kuyatazama hayo majumbani ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Kazi hiyo hakuianzia Marekani. Alifika Uganda mwaka 1954, akawa anatembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, akikaa sebuleni na mkalimani huku mama anaendelea na shughuli zake. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchungulia vitu, anageuka kumtazama mama, anarudi, anaondoka tena. Aliona pia kwamba watoto wenye walezi zaidi ya mmoja walijifunga kwa mama vizuri tu. Kilichotofautisha zaidi ni jinsi mlezi anavyomsoma mtoto na kumwitikia. Lile jaribio la mtoto kuachwa kidogo na mama kwenye chumba chenye mgeni na vitu vya kuchezea, linalojaa kwenye vitabu vyenu, alilibuni baadaye, Baltimore, Marekani.

Kwa hiyo kwenye safu ya tatu usiandike "ulilelewa na nani?" Andika: "Ulipokuwa mdogo ukiumia, ulikuwa unamkimbilia nani?" Nimeshasikia watu wazima wakinyamaza muda mrefu baada ya swali hilo. Usiwasaidie kujibu.

Mteja akiwa mtoto, Jean Piaget, aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, atakufaa kuliko wote hao. Mtoto wa miaka mitano anaelewa neno kama lilivyo, na ni rahisi aamini mambo yametokea kwa sababu yake. Baba akifariki na wakubwa wakamwambia "amesafiri", atalisubiri basi limrudishe. Mwambie baba amekufa, hatarudi, na wewe hukufanya kosa lolote. Ongea na bibi au mama yake kwanza, ili kesho wasimweleze kingine.

Freud nampitia haraka. Kinachokufaa kutoka kwake na kwa binti yake Anna ni kutambua mtu anavyojikinga na maumivu: yule anayecheka anaposimulia msiba. Iandike safu ya kwanza, "alicheka", uiache hapo hadi atakapokuwa tayari. Zile dodoso za haiba zinazosambazwa kwenye simu, zinazokupa herufi au rangi yako, usimpe mteja. Hata kipimo kizuri kikitafsiriwa bila kujaribiwa kwa watu wa hapa, alama zake hazina maana.

Mwanasaikolojia Carl Rogers yeye hahitaji safu, ni namna yako ya kukaa na mteja. Kumkubali mtu bila masharti, kutojifanya, kulielewa jambo kutoka upande wake. Wewe una miaka 25, anaingia mama wa miaka 63, mstaafu. Simama, sema shikamoo mama, mpe kiti. Kuna wanaoogopa kwamba heshima hiyo itawaondolea uwezo wa kushauri. Haiwaondolei. Atakuita mwanangu, na ukiipokea atakuambia mengi kuliko ungejiita mtaalamu. Kisha Erikson wa hatua ya mwisho anakupa swali: "Mama, katika uliyoyafanya, lipi ungependa wajukuu walijue?"

Kabla kikao hakijaisha, mrudishie mteja ulichoelewa kwa Kiswahili cha kawaida, bila jina la nadharia yoyote: "Naona kama unaogopa kumvunja moyo mama kuliko unavyoogopa mtihani. Nimekosea wapi?" Akikusahihisha, kata ulichoandika safu ya pili, andika alichosema.

Akigusia kutaka kujiua, weka kalamu chini. Muulize wazi kama ana mpango huo, usimwache peke yake, niite hata kama niko kwenye kikao kingine. Karatasi tutaijaza baadaye. Juu yake andika herufi moja tu badala ya jina, na ufunguo wa kabati la karatasi hizi ubaki ofisini, usitembee nao kwenye daladala.